Likizo ya wanafunzi wetu nayo ina matokeo, yaandikeni

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako nitoe dukuduku langu, nimekaa nalo muda mrefu na kila kiangazi linarudi palepale. Mimi ni mwalimu wa elimu maalumu. Shule zingine zikifunga kwa ile likizo ndefu sisi huwa hatufungi moja kwa moja, tunabaki na programu ya kiangazi, asubuhi mpaka mchana, basi linakuja, watoto wanashuka, kazi inaendelea. Ikifika mwisho kunakuwa na siku ya kufunga, wageni wanaalikwa, waandishi wanakuja na kamera zao, halafu kesho yake tunafungua gazeti (sio lako peke yako, msije mkasema nawaonea) tunakuta picha ya mgeni rasmi kashika boksi la zawadi, pembeni yake kuna mtoto kasimama anaangalia kwingine kabisa. Jina la mgeni lipo, cheo chake kipo, idadi ya maboksi ipo. Mtoto hana jina, na alichokifanya kiangazi kizima hakipo hata kwa mstari mmoja.

Hilo ndo langu. Sisemi wageni wasije, waje tu, na maboksi waje nayo maana vifaa vyetu ni ghali na vinachakaa haraka. Ninachosema ni kwamba ile siku ni siku ya matokeo, kama vile mnavyotoa matokeo ya mitihani na matokeo ya ligi, sasa iweje huku kwetu mtoe matokeo ya mgeni?

Kuna mtu atauliza, mwanafunzi wa shule maalumu kafanya nini kiangazi cha kuandikwa gazetini. Swali halali kabisa, wala sikasiriki.

Nianze na shati. Kuna kijana wetu mmoja, mkubwa tu, ndevu zinaanza kuchungulia, ana usonji na maneno yake ni machache. Tangu azaliwe alikuwa anafungwa vifungo na mtu mwingine, na sio kwamba vidole vyake vina shida, hapana, ni kwamba asubuhi nyumbani kuna haraka na shuleni kuna haraka, mtu mzima anaona bora nimfunge mimi tuondoke. Sasa kiangazi haraka ile haipo. Tukakigawa kifungo vipande vipande, yani kushika kifungo kwa vidole viwili, kutafuta tundu kwa mkono wa pili, kukisukuma kipite nusu, kubadilisha vidole, kukivuta kitoke upande wa pili. Halafu tukaanzia mwisho. Mwalimu anafanya vyote anamwachia kile cha mwisho tu, kuvuta, ili kila mara yeye ndo awe mtu aliyemaliza kazi. Akishazoea anaachiwa viwili, halafu vitatu, unarudi nyuma hivohivo mpaka mwalimu hana cha kufanya. Watu wa fani yetu wanaijua sana njia hii, ni ya zamani na inafanya kazi, ila inataka kitu kimoja ambacho katikati ya muhula hakipatikani, muda.

Na inataka sababu. Hapa ndo watu wa nje huwa hawaoni uhusiano, wanadhani bwawa la kuogelea ni burudani na vifungo ni somo. Sisi tunaogelea karibu kila siku ya programu, maana yake kila siku mtoto anavua shati na anavaa shati, kwa sababu ya kweli, sio kwa sababu mwalimu kasema tufanye zoezi. Ukimfundisha kifungo juu ya kitambaa mezani anajua kifungo cha mezani, shati likiwa mwilini anakiona kutokea juu, mikono inageuka, kila kitu kinabadilika, lazima aanze kujifunza tena. Wiki za mwisho yule kijana alivaa mwenyewe, akapanda na vifungo mpaka juu, akafika kwenye kola akakuta kifungo kimebaki tundu hakuna. Alikosea pale chini kabisa. Akainama akaangalia, akacheka kile kicheko chake cha puani, akafungua vyote akaanza upya, sisi tumesimama na mataulo mkononi hakuna aliyemgusa. Mhariri, kile cha kufungua vyote na kuanza upya hatukumfundisha, alikitoa mwenyewe. Nilitegemea mtu akiandike. Gazeti la kesho ya siku ya kufunga likaandika kuhusu mchele wa zawadi.

Kuhusu bwawa lenyewe. Njia tunayofuata ilianzia London mwaka 1949, kwenye shule ya wasichana wenye ulemavu wa viungo iliyokuwa inaitwa Halliwick, aliyeianzisha ni James McMillan ambaye kwa taaluma alikuwa mhandisi, na mpaka leo njia inabeba jina la shule. Haitumii maboya. Kila muogeleaji ana mtu wake mmoja ndani ya maji, na cha kwanza kufundishwa sio kupiga miguu wala mikono, ni pumzi. Maji yakikufika mdomoni unapuliza, basi. Mtu anayetazama kutoka nje anaona watoto wanapuliza mapovu na walimu wanaimba anasema eti wanacheza tu hawa, kumbe mtoto anayepuliza hawezi kuvuta maji kwa wakati huohuo, na huo ndo mwanzo wa usalama wote. Baadae anajifunza kujiviringisha, yani akiwa kifudifudi ageuke chali apate hewa. Tuna binti anayetumia kiti mwendo, ana mtindio wa ubongo, nchi kavu hawezi kugeuka kitandani bila msaada, lakini majini uzito unapungua na misuli inalegea kidogo, na kiangazi hiki aligeuka. Uso chini, kichwa kikatangulia, bega likafuata, akaibuka chali anakohoa anatukana kidogo (tuliamua kutosikia). Mama yake alikuwa pembeni. Hakulia kama mnavyopenda kuandika, aliuliza tu, anaweza tena? Akaweza tena.

Hayo yote yana kazi nyuma yake ambayo hamuioni, na pengine hata hiyo ingefaa kuandikwa mara moja moja. Kabla ya bwawa kuna daftari la afya. Mtoto mwenye kifafa anakuwa na mtu ambaye macho yake hayatoki kwake hata sekunde. Mtoto mwenye Dauni sindromu haruki kichwa-mbele kabla daktari hajasema shingo yake iko sawa, kwa sababu baadhi yao viungo vya juu ya shingo vimelegea. Kuna dawa za kifafa zinapunguza jasho, kwa hiyo jua likiwa kali mtoto anapata joto ndani na huoni jasho kwenye ngozi, inabidi kivuli na maji kwa saa, sio kwa kiu, na wengine hawawezi kukwambia wana kiu hata wakiwa nayo. Wenye ualbino kofia na mikono mirefu. Ratiba inabandikwa ukutani kwa picha, basi, kuvua, bwawa, kuvaa, chakula, maana kwa baadhi ya watoto wetu likizo ni kitisho, kila kilichozoeleka kimeondolewa ghafla na hakuna aliyewaambia kinarudi lini.

Ndo maana nasema programu ya kiangazi sio anasa. Mwanafunzi wa kawaida akikaa likizo ndefu anasahau kidogo, akirudi wiki chache kashashika. Kwa baadhi ya wanafunzi wetu kilichojengwa mwaka mzima kinabomoka na kukirudisha kunakula nusu ya muhula unaofuata, ukifika unakaribia kukamilisha, likizo nyingine hiyo. Hili sio lawama za walimu tu. Mwaka 1979 huko Marekani, mahakama ya shirikisho iliyoko Pennsylvania iliamua kesi ya Armstrong v. Kline, ambapo wazazi walikuwa wanapinga utaratibu wa jimbo wa kutolipia zaidi ya siku 180 za masomo kwa mwaka, na mahakama ikakubali kwamba kwa watoto wenye ulemavu mkubwa ukomo ule unawanyima elimu inayowafaa. Kutokea hapo ikazoeleka kule kwamba mtoto anayehitaji kuendelea kiangazi aendelee, na huduma iandikwe kwenye mpango wake binafsi wa elimu. Na mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, wa 2006, haukuishia kwenye elimu ya darasani, ibara ya 30 inasema wazi watoto wenye ulemavu wapate nafasi sawa na wenzao kwenye kucheza, burudani na michezo, ikiwemo ya shuleni.

Haya, michezo. Hapa nina maneno mengi naomba univumilie.

Hivi mmewahi kuona goalball ikichezwa? Ni mchezo uliobuniwa 1946 na Hanz Lorenzen na Sepp Reindle kwa ajili ya wanajeshi waliopoteza macho vitani. Timu watu 3 kila upande, mpira una uzito wa kilo moja na robo na ndani yake una kengele, wachezaji wote wanafungwa macho hata yule anayeona kidogo, ili wawe sawa. Unautupa mpira uviringike kuelekea goli la wenzako nao wanajirusha chini na miili yao kuuzuia, wanausikia tu. Kwa hiyo ukumbi mzima unatakiwa kimya. Kimya kweli, refa anasimamisha mchezo kwa ajili ya mtu aliyekohoa. Watoto wetu wanalijua hilo kuliko wazazi wao, na siku ya kufunga katikati ya mpira wa maamuzi simu ya mgeni rasmi ikalia, wimbo mzima, refa (mwanafunzi wetu wa zamani) akanyoosha mkono kuelekea sauti inakotoka akasema "naomba utulivu jukwaani", ukumbi ukaangua kicheko. Binti aliyezuia mpira ule simu ilipozimwa aliuzuia kwa mbavu. Alipoanza kiangazi alikuwa hatembei koridoni bila kushika ukuta, sasa anajirusha sakafuni kumfuata mpira wa kilo na robo asiouona, hebu niambie kama hiyo sio ripoti ya michezo ni nini.

Kuna jambo moja sikubaliani na baadhi ya walimu wenzangu na nalisema hadharani. Tabia ya kumpa kila mtoto medali ileile, cheti kilekile cha ushiriki, makofi yaleyale. Watoto wanajua bana. Wanajua nani katangulia na nani kaburuza mkia, na ukimpa medali mtu aliyekaa chini mwanzo mpaka mwisho wa mbio anaiangalia kama anauliza hii ya nini. Special Olympics, wale wa michezo ya kimataifa ya watu wenye ulemavu wa akili, walishalipatia jawabu zamani, wanawagawa wachezaji kwenye makundi kwa umri, jinsia na uwezo, kwanza wanakimbizwa kwa majaribio muda unaandikwa, halafu wanawekwa pamoja wanaokaribiana, kundi moja lisipungue watu 3 na lisizidi 8. Ndani ya kundi hilo ni mashindano kweli, kuna wa kwanza na kuna wa mwisho, na wa kwanza kashinda watu waliokuwa na uwezo wa kumshinda. Sisi tulifanya hivyo kiangazi hiki kwenye mita 50, 100 na kutembea, na kwa mara ya kwanza nimeona mtoto wetu analia kwa kushindwa. Mwenzangu mmoja akataka kukimbilia kumpa zawadi anyamaze. Nikamwambia mwache alie, ameshiriki mashindano huyu. Siku iliyofuata alikuwa wa kwanza kushuka kwenye basi, anataka marudio.

Na mkitaka historia ya kuwekea makala, angalieni miezi, yote ni ya kiangazi. Michezo ya viziwi ya kimataifa ilianza Paris Agosti 1924, nchi 9. Mashindano yaliyokuja kuzaa Paralimpiki, yani Olimpiki ya watu wenye ulemavu, yalianza tarehe 29 Julai 1948 kwenye bustani ya hospitali ya Stoke Mandeville Uingereza, daktari Ludwig Guttmann alipanga wapiga mishale 16, wanajeshi waliokuwa kwenye viti mwendo, siku hiyohiyo Olimpiki ya London inafunguliwa. Special Olympics ilianza Chicago tarehe 20 Julai 1968 na wanamichezo kama elfu moja kutoka Marekani na Kanada, lakini mizizi yake ni ya nyuma zaidi, mwaka 1962 Eunice Kennedy Shriver, dada wa Rais John Kennedy wa Marekani, alifungua kambi ya mchana ya kiangazi nyumbani kwake Maryland kwa ajili ya watoto wenye ulemavu wa akili ambao hakuna kambi nyingine iliyokuwa inawapokea. Dada yake mwenyewe, Rosemary, alikuwa na ulemavu huo. Yani hicho mnachokiita shughuli za likizo, bwawa na mpira na kukimbizana kwenye nyasi, ndo kilichofika mpaka uwanja wa Berlin mwaka 2023, kwenye michezo ya dunia ya Special Olympics. Wala sidai wetu watafika huko, wachache labda.

Mambo mengine ya programu nayapitisha haraka kwa sababu hayo mnayaandikaga tayari, ufinyanzi, kuchora, bustani ya mboga, kwaya ya lugha ya alama. Mazuri yote. Ila hata hapo mnaandika kazi imependeza, basi. Kwenye bustani kuna kijana kajifunza kupima maji kwa chupa yenye alama, ndoo moja miche kumi, hiyo ni hesabu ambayo darasani ilimshinda, na msimamizi wa shamba moja jirani kashamuomba aende siku mbili kwa wiki kwa majaribio, kwa malipo. Hiyo ilikuwa stori ya ajira ikapita hivihivi.

Najua mtasema, mwalimu, tukiandika majina na picha za hawa watoto tutaambiwa tunawadhalilisha. Kweli kabisa, ombeni ruhusa. Kwa mzazi, na kwa mtoto mwenyewe kwa njia anayoielewa, akikataa imeisha, mnaweza kuandika alichofanya bila jina na bado ikawa habari. Lakini muulizeni. Mwandishi mmoja alikuja akamhoji mwalimu kuhusu mwanafunzi dakika kumi nzima na mwanafunzi yuko palepale, ana tableti yake ya kuongelea, anabonyeza "mimi", "mimi", "mimi". Wanaotumia picha au tableti wanachukua muda kujibu, saa ingine dakika nzima kwa sentensi moja, na mwandishi akishaona kimya cha sekunde tano anageukia mtu mzima. Vumilieni ile dakika. Majibu yao mara nyingi ni mafupi na yana ladha kuliko hotuba zote za siku ile.

Na msiandike ushindi peke yake. Kiangazi hiki kuna watoto hawajafika kwenye malengo yao, mmoja karudi nyuma kabisa kwa sababu dawa zake zilibadilishwa na usingizi ukavurugika, mwingine basi lilikosa msaidizi kwa hiyo nusu ya programu alibaki nyumbani anaangalia dirishani. Hayo nayo ni matokeo na yana wahusika wa kuulizwa, kwa nini basi halina msaidizi, nani alikata hilo fungu, kwa nini kila mwaka tunajua kama programu ipo wiki moja kabla haijaanza. Boksi la zawadi halijibu maswali hayo, na nina wasiwasi kwamba wakati mwingine ndo kazi yake, lipigwe picha maswali yasiulizwe. Labda nimekuwa mkali hapo lakini sifuti.

Ninachoomba ni kidogo. Kiangazi kijacho msimtume yule mwandishi wa matukio ya hisani, tumeni wa michezo. Asije siku ya kufunga, aje siku ya kawaida katikati ya wiki, aulize kila mtoto alianzia wapi na leo kafika wapi, tunazo rekodi, tutamuonyesha zile ambazo wazazi wameruhusu. Na aje na nguo ya kuogelea, maana akikaa pembeni ya bwawa hataona kitu.

Ni mimi msomaji wako wa siku nyingi,
Mwalimu wa elimu maalumu